Kasha la Pangani katika Sebule ya Iyumbu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Familia inayohusika katika kisa hiki ilihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam baada ya Serikali kutangaza, mwaka 2016, kwamba uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya mji huu makao makuu ya nchi ungetekelezwa kwa ukamilifu. Mume ni mtumishi wa umma, na kwao ni Mpwapwa. Mke ni mwalimu, na kwao ni Pangani. Walikaa nyumba ya kupanga kwa muda, wakajenga Iyumbu, hapohapo Dodoma, na walipohamia katika nyumba yao wakanunua samani zinazolingana nayo: kochi la kona la rangi ya kijivu, kabati la televisheni la MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) nyeupe inayong'aa, na meza ya kioo. Baadaye wazazi wa pande zote mbili, kwa kuona kwamba watoto sasa wana kwao, wakaanza kuwakabidhi vitu vyao. Kutoka Pangani lilifika kasha la mtiki lililopigwa misumari ya shaba, pamoja na cherehani ya Singer ya kukanyaga kwa miguu. Kutoka Mpwapwa vilifika kigoda cha miguu mitatu, vibuyu viwili, viti viwili vya mninga vyenye mikono mipana vya aina iliyopendwa miaka ya 1950 na 1960, na redio kubwa ya mbao isiyolia tena.

Nilipoitwa kuwasaidia kupanga, vitu hivyo vyote vilikuwa vimesukumwa kwenye kona moja ya sebule, kigoda kikiwa juu ya kasha na vibuyu vikiwa juu ya redio, kama mizigo inayosubiri gari. Mke alitaka kasha lipigwe msasa na kupakwa vanishi ya kung'aa ili lifanane na kabati la televisheni. Mume alitaka kona ya utamaduni, yaani ukuta mmoja ambao vitu vyote vya wazazi vingepangwa na kumulikwa taa, wageni wavitazame. Nilitofautiana na wote wawili. Kwa maoni yangu samani ya zamani hukaa vizuri katika nyumba mpya pale inapopewa kazi ya kufanya, na hapa Dodoma hakuna mpangilio wowote utakaodumu ikiwa mbao hazijapatana kwanza na hewa ya mahali. Jambo hili la pili ndilo watu wengi hulisahau, nami nitalieleza kwa kirefu kuliko mengine.

Nyumba yenyewe

Sebule ina urefu wa mita 6.5 na upana wa mita 5, na imeungana na sehemu ya kulia chakula bila ukuta kati yake. Sakafu ni ya vigae vyeupe vya poseleni, kuta ni nyeupe, dari ni la jipsamu lenye taa zilizofichwa pembeni, na upande wa magharibi kuna dirisha kubwa la aluminiamu ambalo kuanzia saa tisa alasiri huingiza jua hadi katikati ya chumba. Tembe la Kigogo, nyumba ya asili ya wenyeji wa Dodoma, lenye kuta nene za miti na udongo na paa la udongo lililolala, lilibuniwa na watu walioufahamu ukali wa jua na upepo wa nchi hii. Nyumba hii, kama nyingi zinazojengwa sasa Iyumbu, Ilazo na Nzuguni, imechorwa kwa mfano wa nyumba za Dar es Salaam, ambako shida kubwa ni unyevu na joto la pwani, na ambako dirisha kubwa huleta upepo wa bahari. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari; mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya ukavu, upepo na vumbi jekundu linalopenya hata dirisha lililofungwa.

Kifuniko kilichopasuka

Makasha ya aina hii yalifika pwani ya Afrika Mashariki kwa majahazi kutoka India na Ghuba ya Uajemi, na baadaye mafundi wa Unguja nao wakayatengeneza. Lile la familia hii lina urefu wa sentimita 110, upana wa sentimita 50, droo tatu chini, na kisanduku kidogo cha pembeni ndani yake ambamo mabibi waliweka dhahabu na hati. Mke alilipata kwa mama yake, na mama alilirithi kwa bibi aliyepewa siku ya harusi. Kwa desturi ya wafanyabiashara wa vitu hivi, kitu huitwa cha kale kikifikisha miaka 100. Kasha hili, kwa hesabu ya vizazi na kwa jinsi lilivyoundwa, huenda limeshafika umri huo, wakati viti na redio ni vitu vya zamani tu ambavyo bado ni vichanga kwa kipimo hicho.

Kiangazi cha kwanza baada ya kufika Dodoma, kifuniko kilipasuka katikati kwa mlio uliosikika hadi chumbani. Familia ilidhani kasha limedondoshwa njiani. Fundi aliyeitwa kabla yangu alijaza ufa kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na unga wa mbao, na baada ya muda kifuniko kikapasuka tena, safari hii kando kidogo ya ufa wa zamani.

Sababu haikuwa safari, wala haikuwa ubovu wa gundi. Mbao huvuta na kuachia unyevu kulingana na hewa iliyoizunguka hata ikiwa imekatwa miaka 100 iliyopita. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ilivyo kawaida ya pwani, mbao hutulia ikiwa na maji yanayokaribia asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Katika hewa ya asilimia 50 hutulia kwenye asilimia 9 hivi, na mchana wa kiangazi cha Dodoma hewa huweza kuwa kavu zaidi ya hapo. Inapopoteza maji hayo, mbao husinyaa upana, wakati urefu wake, yaani upande unaofuata nyuzi, hubaki karibu vilevile. Mtiki ni mbao tulivu kuliko nyingi, lakini nao, ukitoka ubichi hadi ukavu kamili, hupungua upana kwa asilimia 5 hadi 6 katika ubao uliochanwa sambamba na miduara ya mti. Kasha lililotoka Pangani hadi Iyumbu limesafiri takriban robo ya njia hiyo ya ukaukaji. Robo ya upungufu huo, kwa kifuniko chenye upana wa sentimita 50, ni kama milimita 7. Nilipoupima ufa, nilipata milimita 6.

Kifuniko kingeweza kusinyaa bila kupasuka kama kingeachwa huru. Hata hivyo fundi wa zamani alikuwa amepigilia chini yake mbao mbili za kukaza, zilizolala kukatisha nyuzi. Mbao hizo za kukaza hazibadiliki urefu, kwa hiyo kifuniko kilitaka kupungua nazo zikakizuia, mpaka kikaachia pale palipokuwa dhaifu. Kule pwani, ambako hewa haibadiliki sana mwaka mzima, ufundi huo haukuwa na dosari yoyote. Gundi iliyojazwa kwenye ufa haikugusa chanzo, kwa sababu kizuizi kilibaki palepale.

Tulichofanya ni hiki. Kasha liliachwa chumbani kiangazi chote bila kufanyiwa kazi yoyote, mbali na dirisha la magharibi, ili mbao zimalize safari yake. Baada ya hapo fundi seremala, mzee mmoja mwenye karakana yake hapa mjini, aliing'oa misumari ya mbao za kukaza, akayatanua matundu yake kwa patasi nyembamba kufuata upande ambao kifuniko husinyaa, kisha akazirudisha kwa skrubu zenye vichwa vipana ambazo zinashika lakini zinaruhusu kifuniko kuteleza. Ufa ulijazwa kwa kijiti chembamba cha mtiki mkuukuu kilichopakwa gundi upande mmoja tu. Hilo la upande mmoja lina maana kubwa: mvua zikija, mbao hufura tena, na kijiti kilichogandishwa pande zote mbili wakati wa ukavu mkali hubanwa hadi kuvunja kile kilicho dhaifu zaidi. Ufa unaonekana ukikaribia. Nadhani ni sawa uonekane.

Msasa, vanishi na ndimu

Ombi la mke la kulipiga kasha msasa halikuwa la ajabu, kwani karibu kila karakana hapa mjini hutoa huduma hiyo na wateja wengi huifurahia. Nilimwomba tusifanye hivyo kwa sababu ambazo hazihusiani na mapenzi ya vitu vya kale peke yake. Msasa huondoa tabaka la juu ambalo mikono, moshi wa udi na miaka imelitia rangi, na rangi hiyo hairudi kwa dawa yoyote ya dukani. Tena mashine ya msasa, ikipita juu ya misumari ya shaba, hukwangua vichwa vyake vilivyofinyangwa kwa nyundo, na misumari hiyo ndiyo pambo lenyewe. Mwisho, vanishi nene ya kung'aa iliyopakwa juu ya mbao inayocheza kwa unyevu hupasuka na kubanduka kwa magamba, na ndani ya miaka michache kasha huonekana chakavu kuliko lilivyokuwa.

Kabla ya kuamua lipakwe nini, tulijaribu chini ya kifuniko, mahali pasipoonekana, kwa pamba iliyolowekwa spiriti. Rangi ya juu ikalainika na kunata, dalili kwamba lilipakwa shelaki, aina ya vanishi ya zamani ambayo spiriti huiyeyusha, tofauti na vanishi nyingi za kisasa. Kwa hiyo tulisafisha vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi, tukafuta kwa kitambaa chenye unyevu mdogo sana, tukaacha likauke, kisha tukapaka nta. Mkoa wetu na jirani zetu wa Singida, hasa upande wa Manyoni na Itigi, ni nchi ya nyuki, na nta nzuri hupatikana kwa wauza asali wenyewe. Sehemu moja ya nta na sehemu tatu za tarpentaini, vikiyeyushwa katika bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto mbali na mwali wa jiko, hutoa mafuta mazito yanayotosha kasha, viti na fremu za picha kwa mwaka mzima. Hupakwa kidogo, huachwa, kisha husuguliwa kwa kitambaa kikavu. Mng'ao wake ni wa chini, na ndio uliofaa, kama nitakavyoeleza kuhusu taa.

Shaba ilikuwa na suala lake. Mama wa Pangani alizoea kuing'arisha kwa ndimu na majivu, na kwa sinia au birika njia hiyo inafaa kabisa. Kwa misumari iliyozama ndani ya mbao, asidi ya ndimu huingia pembeni mwa kila kichwa na kuacha uchafu wa kijani na mweupe usiosuguliwa ukatoka, na mbao inayouzunguka huingia doa. Kitambaa kikavu kinatosha. Miguu ya kasha tuliiwekea vipande vya mpira, kwani nyumba hupigwa deki kila asubuhi na maji yanayotuama chini ya mguu wa mbao huuozesha pole pole bila mtu kugundua.

Kigoda cha mzee

Mke alikuwa ameona katika picha kwamba vigoda vya Kiafrika huwekwa kando ya kochi na kubeba chungu cha maua, naye alitaka kufanya hivyo. Hakuona vema kumuuliza baba mkwe wake moja kwa moja, kwa hiyo mume ndiye aliyepiga simu Mpwapwa, akasema, "Shikamoo baba. Tunaomba tukitumie kile kigoda kuwekea chungu cha maua." Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu. Hicho ni kiti. Babu yako alikikalia akisikiliza mashauri ya nyumba. Maua yatafutieni mahali pengine."

Sikuona haja ya kutafuta njia ya kati. Mtu aliyekitoa kitu bado yupo, ameeleza kilifanya kazi gani, na kazi hiyo inaweza kuendelea katika nyumba mpya bila gharama yoyote. Kigoda kiliwekwa kando ya kiti kimoja cha mninga, mahali ambapo mzee hukaa akija Dodoma, na watoto wameambiwa kuwa ni cha babu. Niseme pia kwamba hata kama mzee angeruhusu, chungu kinachomwagiwa maji kingekiharibu kigoda ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa kimechongwa kutoka kipande kimoja cha gogo na maji yanayosimama juu yake hayana pa kwenda.

Shida ya kigoda ilikuwa wadudu. Chini yake palionekana unga laini, na baadhi ya matundu yalikuwa na weupe ndani, dalili kwamba mbao ilikuwa ikibunguliwa wakati huohuo. Matundu ya miaka mingi huwa meusi na hayatoi unga mpya. Ili kuhakikisha, tulikiweka juu ya karatasi nyeusi kwa wiki moja, na unga ukaonekana tena. Hali hiyo haivumiliki ndani ya nyumba yenye fremu za milango ya mbao. Wengi hupaka oili chafu au dizeli, ambazo kwa nguzo ya uzio zinaweza kufaa, lakini kwa kitu ambacho mtu atakikalia ndani ya sebule ni sumu, harufu na doa la kudumu. Njia ya makumbusho ni baridi. Kigoda kilifungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, hewa ikatolewa kadiri ilivyowezekana, kikawekwa katika friza ya familia kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kikatolewa na kuachwa ndani ya mifuko hadi kilipopata joto la chumba, ili umande utande juu ya plastiki badala ya kulowesha mbao. Vibuyu vilipitia njia hiyohiyo. Kilichosumbua ni kwamba nyama ya sikukuu ilibidi ihamishiwe kwa jirani.

Mpangilio wa sebule

Kona ya utamaduni niliikataa. Vitu vya pwani na vya Ugogo, vya harusi, vya mashauri na vya ushonaji, vikipangwa pamoja ukutani kwa sababu tu vyote ni vikuukuu, hupoteza kila kimoja maelezo yake, na sebule hugawanyika kuwa upande wa kuishi na upande wa kutazamwa. Kazi ya kuchanganya huanza kwa kupunguza. Katika sebule vilibaki kasha, viti viwili vya mninga na kigoda. Cherehani ilihamia chumba cha upande wa mashariki.

Kuhusu cherehani nina msimamo mkali. Sasa hivi ni mtindo kuing'oa mashine na kuutumia mguu wa chuma cha kusubu kama meza, au hata kuuwekea sinki la kunawia. Mashine zilizotoka kiwanda cha Singer cha Clydebank, Uskoti, kilichofanya kazi kuanzia 1885 hadi 1980, zilijengwa kwa kudumu, na hii ya familia, baada ya kusafishwa, kutiwa mafuta na kubadilishiwa mkanda wa ngozi, inashona vizuri kabisa. Mama wa Pangani huitumia kila anapokuja. Kukata kifaa kizima kinachofanya kazi ili kupata miguu ya meza ni hasara isiyo na sababu, na meza yenye miguu ya chuma inaweza kuchomelewa na fundi yeyote wa magrili.

Kasha lilikuwa na mapendekezo mawili. Mume alitaka liwe meza ya katikati badala ya ile ya kioo. Nilipinga kwa vipimo: kiti cha kochi lao kiko sentimita 42 kutoka sakafuni, kasha ni sentimita 48, na meza ya mbele ya kochi hufaa kuwa sawa na kiti au chini yake kidogo, la sivyo anayekunywa chai huinua mkono kama anayefikia rafu. Isitoshe, kasha lenye vikombe juu halifunguliwi, na kikombe cha moto huacha duara jeupe kwenye shelaki. Likawekwa ukuta wa kusini, kati ya mlango na korido ya vyumbani, nalo limejaa mablanketi. Usiku wa Juni na Julai joto la Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na familia iliyotoka Dar es Salaam ililazimika kununua mablanketi ambayo haikuwa nayo wala haikuwa na pa kuyaweka. Kasha lililotengenezwa kutunza nguo sasa linatunza nguo.

Viti vya mninga ndivyo vilivyounganisha sebule nzima, na kama mtu ana uwezo wa kufanya jambo moja tu nyumbani kwake ningemshauri aanze na viti. Mbao yake haikuguswa ila kwa nta. Mikanda ya mpira ya chini ilikuwa imelegea, ikabadilishwa. Sponji mpya ikakatwa, na foronya zikashonwa, kwa cherehani ileile, kwa kitambaa kizito cha pamba cha kijivu kinachokaribiana na kochi. Kwa hiyo jicho likitoka kwenye kochi huona rangi ileile juu ya kiti cha mninga, na likitoka kwenye mninga huona hudhurungi ileile juu ya kasha. Mke alipendekeza kitenge. Kitenge ni kizuri, lakini jua la dirisha lile lingekifubaza mapema, na maua makubwa yangeshindana na nakshi ya misumari ya shaba iliyo hatua chache tu kutoka hapo.

Mabadiliko yaliyogharimu kidogo na kuzaa makubwa yalikuwa ya taa. Dari lilikuwa na taa za kelvini 6500, mwanga mweupe wenye ubuluu unaopendwa kwa sababu huonekana safi. Chini ya mwanga huo mbao ya hudhurungi huonekana ya kijivu na mfu, na shaba hufanana na bati. Tulizibadilisha kwa taa za kelvini 3000, zenye mwanga wa manjano, na jioni hiyohiyo mke, ambaye hadi hapo alikuwa bado anaitazama nta kwa mashaka, alisema haoni tena haja ya vanishi. Mng'ao wa vanishi ungerudisha kila taa ya dari kama kioo. Nta huupokea mwanga na kuutuliza.

Mengine yalikuwa madogo. Zulia la katani liliwekwa juu ya vigae ili rangi nzito za mbao zisiogelee katika weupe mtupu. Ukuta wa nyuma ya kasha ulipakwa rangi ya udongo iliyopauka, jamii ya udongo wa Dodoma wenyewe, ambayo pia huficha vumbi. Dirisha la magharibi lilipata pazia la pili, zito, linalofungwa saa tisa. Lisingekuwepo, ningeomba viti vihamishwe. Picha za harusi za wazazi, zilizopigwa studio kwa rangi nyeusi na nyeupe, ziliondolewa ukuta wa dirisha na kupelekwa koridoni ambako jua halifiki. Meza ya kioo ilibaki. Kioo hakizibi chochote, na chumba chenye kasha zito kinahitaji kitu ambacho jicho hupita.

Mlango uliokuja kuuzwa

Kazi ilipokuwa ikiendelea, habari zilienea kwamba nyumba hii inapenda vitu vya kale, na mchuuzi mmoja akaleta picha za ubao wa mlango wa nakshi kutoka pwani, akishauri uwekewe kioo juu na kufanywa meza ya chakula. Mume alivutiwa sana. Hapa suala liliacha kuwa la ladha. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inataja pia milango na fremu za milango za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Mnunuzi anatakiwa kujua mlango umetoka nyumba gani na kwa ridhaa ya nani, na kuuliza idara inayohusika na mambo ya kale kabla ya kutoa fedha. Mchuuzi hakuwa na karatasi yoyote. Vivyo hivyo kwa viti vya enzi vyenye nakshi ya pembe za ndovu: kumiliki pembe bila kibali ni kosa kisheria, hata ikiwa ni kipande kidogo kwenye mgongo wa kiti cha babu.

Kulikuwa na shaka nyingine pia. Katika picha, skrubu zilikuwa za kichwa cha msalaba na mpya, na weusi wa mbao ulikuwa sawasawa kila mahali, wakati mlango uliotumika kweli huchakaa zaidi pale mikono inaposhika na pale maji ya mvua yanaporukia. Kama kitu hicho kilikuwa cha kale, hakikupaswa kuuzwa vile; kama hakikuwa cha kale, bei ilikuwa ya uongo. Nilipendekeza fedha ileile impe kazi mchongaji aliye hai, achonge ubao mpya wa mninga kwa ajili ya milango ya kabati la televisheni, ambalo kwa kweli ndilo kitu pekee katika sebule kisichopatana na vingine. Mke amekubali. Mume bado anasita, kwa kuwa kabati hilo alilichagua mwenyewe na lingali zima.

Baada ya mvua

Mvua za Desemba zilipoanza, kifuniko cha kasha kilifura kama ilivyotarajiwa. Nafasi ndogo iliyokuwa upande mmoja wa kijiti ikafunga, na hakuna kilichopasuka. Droo moja ya chini ilianza kukwama. Fundi alitaka kuipitisha randa, tukamzuia, kwani droo iliyopunguzwa wakati wa mvua hulegea vibaya kiangazi kikirudi. Nta ikasuguliwa kwenye reli zake, na sasa inafunguka kwa kuvutwa kidogo. Kigoda hakijatoa unga tena. Kwenye ukuta wa koridoni kimewekwa kifaa kidogo cha kupimia unyevu wa hewa, na mtoto wao wa pili amejitwika kazi ya kuandika namba zake daftarini.

Redio ndiyo haijapata mahali. Mume anataka kuitoa mitambo yote na kuweka spika ya kisasa ndani ya sanduku lake la mbao, ili ilie tena. Nimemshauri asikate wala kutoboa chochote: spika inaingia bila taabu, waya unaweza kupita kwenye tundu la nyuma lililokuwepo tangu mwanzo, na mitambo ya zamani, ikifunguliwa kwa skrubu zake nne, inaweza kuwekwa stoo ndani ya boksi lililoandikwa, ili atakayekuja kuirithi awe na uwezo wa kuirudisha. Ameomba muda wa kumuuliza kwanza baba yake.